Saa Nne na Nusu, Kwenye Daraja

Dada yangu alipopata mimba ya pili alimwambia bibi kabla ya kumwambia mumewe. Alimkuta uani anapepeta mchele, akakaa kwenye mkeka karibu naye, akasema safari hii hatoki hapa nyumbani. Bibi hakuuliza maana yake. Aliendelea kupepeta mpaka mchele wa ungoni ukaisha, kisha akamwambia apunguze kubeba ndoo kichwani na aongeze mboga za majani.

Mimi nilikuwa mlangoni, nasikia. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja na miezi kadhaa, nina shahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na kazi yangu kubwa siku zile ilikuwa kutuma maombi ya ajira kwa simu na kukesha na wasiwasi kama nimekosea tarakimu moja kwenye namba ya cheti. Niliposikia maneno yale mawazo yalianza pale pale. Nikahesabu miezi, nikaona itaangukia masika. Nikaupima mwendo hadi zahanati: kitongoji chetu kiko ndani ya mikorosho, kati ya Rutamba na Milola, na bodaboda hutumia nusu saa barabara ikiwa kavu. Nikajiuliza barabara itakuwaje. Nilipoanza kusema, dada akanikata.

"Mdogo wangu, wewe soma. Mimi nizae."

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa katika hospitali moja nisiyotaka kuitaja, akaishi siku mbili. Dada hakuwahi kulaumu mtu kwa kifo kile. Alichokuwa akikisimulia, tena bila kuulizwa, wakati mwingine katikati ya kumenya muhogo, ni kwamba alipopiga kelele za uchungu muuguzi mmoja alimpiga kofi la paja na kumuuliza kama wakati wa kuitafuta hiyo mimba alilia vile vile. Mwenzake akacheka. Halafu alipoomba apewe kondo la nyuma likazikwe nyumbani, kama ilivyo kwetu, akaambiwa aache ushamba, limeshatupwa shimoni. Kifo cha mtoto alikiweka kwa Mungu. Kicheko kile hakuwa na pa kukiweka.

Kwa hiyo aliamua kuzalia mikononi mwa bibi, na bibi hakuwa mtu wa kubahatisha. Alizalisha nusu ya kitongoji, mimi nikiwemo. Miaka mingi iliyopita wakunga wa jadi waliitwa wakafundishwa, akarudi na sanduku la bati lenye mkasi, nyuzi na beseni. Baadaye wakaitwa tena, wakaambiwa wasizalishe, kazi yao sasa ni kuwasindikiza wajawazito zahanati. Sanduku hawakulichukua. Bibi alilisukuma chini ya kitanda, na wanawake wakaendelea kuja.

Hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua asipoambiwa. Mwanamke aliyezalia nyumbani alitakiwa bado ampeleke mtoto zahanati akapate chanjo na tangazo la kizazi, lile linaloanzisha safari ya cheti cha kuzaliwa. Akisema amezalia nyumbani ataitwa ofisi ya kijiji, na mkunga wake ataitwa pamoja naye. Basi walisema wamejifungulia njiani. Walikuwa wanakuja, uchungu ukawazidi. Na kwa kuwa nesi lazima aulize njiani wapi, walisema kwenye daraja, maana ni mahali ambapo kila mtu anapajua.

Niligundua hilo nilipoanza kujitolea pale zahanati. Nilipewa kazi ya kunakili vitabu vya wodi kwenye fomu za mwezi, kazi iliyonifaa kwa sababu haikunitaka niamue kitu. Kwa mujibu wa kitabu cha wazazi, daraja lile lilikuwa na watoto wengi kuliko chumba chetu cha kujifungulia. Nilimfuata nesi wa wakati ule, mama wa makamo aliyekaa hapo miaka mingi, nikamwonyesha kwa kidole, nikidhani nimefumua jambo kubwa. Alicheka mpaka akavua miwani.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Yeye huandika njiani, kwenye daraja. Akimaliza kuandika, hutoka nje kama anakwenda kunawa, anakwenda nyuma ya jengo kwenye tangi la maji, na mkunga aliyemsindikiza mzazi humfuata huko. Huko ndiko huuliza: amejifungua saa ngapi kweli, damu imetoka kiasi gani, kondo lilitoka zima. Na mkunga humweleza yote, maana kwenye tangi hakuna kalamu. Akirudi ndani anajua la kufanya.

"Hawa kina mama si waongo," aliniambia. "Wanaogopa tu karatasi. Wewe mwenyewe huogopi?"

Miezi mitano baadaye alistaafu, akaenda zake kwao. Akaja nesi mpya, msichana wa Kanda ya Ziwa aliyenizidi miaka mitatu au minne. Hakuwa na ndugu hata mmoja upande huu wa nchi. Alikuwa na sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kugonga mlango kabla ya kuingia chumba ambacho ndani yupo mgonjwa tu. Alipoambiwa njiani aliandika njiani, na alisikitika kweli. Nilimsikia akimwambia mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, kwamba barabara hii inatesa wanawake, kwamba iandikwe barua halmashauri kuhusu lile daraja.

Nilijua kwamba lazima aambiwe habari ya tangi. Nilijua ni mimi wa kumwambia. Nikaitunga sentensi yake. Nikaona ukiisema hivi, umemshtaki bibi. Ukiisema vile, ataenda kumuuliza mganga mfawidhi, naye atauliza imetoka kwa nani. Nikafikiria kuisema kama mzaha. Nikafikiria kumwandikia ujumbe usio na jina, nikakumbuka namba yangu anayo. Wiki tatu nilikuwa nakwenda na sentensi ile asubuhi na kurudi nayo jioni. Mwisho nikajiambia nitamwambia siku itakapolazimu, na moyo wangu ukatulia, kama kwamba nimekwisha mwambia.

Dada alihudhuria kliniki zote. Hakukosa hata moja, kwa sababu kupima hakukumchukiza. Kuzaa mbele ya wageni ndiko kulikomchukiza. Nesi mpya alimsikiliza habari ya yule mtoto wa kwanza mpaka mwisho, akamshika mkono, akamshauri mwezi wa tisa ukifika aje akae kwa ndugu karibu na zahanati. Dada akaitikia. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Huyu hatukani." Tulitembea kidogo. "Lakini wote huanza hivyo."

Mimi niliandaa karatasi. Upande mmoja namba za bodaboda wawili na ya gari la wagonjwa, upande wa pili dalili za hatari nilizozinakili kutoka kwenye bango la zahanati, kila moja na muda wa kusubiri. Nilimpa bibi. Hajui kusoma, lakini aliigeuza mbele na nyuma kwa heshima zote.

"Mke mwenzangu huyu," alimwambia dada, "ukimtuma chumvi atakaa kwanza afikirie bahari."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka. Karatasi ilibandikwa ukutani kwa ugali.

Uchungu ulianza alfajiri ya siku isiyo na mvua. Shemeji alikuwa Milola kwenye shamba la baba yake, tukampigia, akasema anakuja. Mtoto alitoka saa mbili na robo asubuhi. Najua kwa sababu bibi aliniambia nitazame saa, nami nilitazama, nikapiga picha kioo cha simu ili nisije nikasahau. Msichana. Alilia mara moja, kilio cha kukereka kuliko cha kuogopa, na dada akacheka huku analia, akawa anasema mwone, mwone, kama kwamba tulikuwa tunaangalia pengine. Hakupiga kelele hata moja siku ile. Hakuna aliyemkataza. Hakuwa na haja.

Kondo halikutoka.

Bibi hakuonyesha wasiwasi. Alimweka mtoto kwenye titi. Alimsugua dada tumbo. Alimpa chupa tupu apulize kwa nguvu, kama walivyofanya siku zote. Damu ilikuja, ikapungua, ikaja tena. Mimi ndiye niliyekuwa namwaga beseni nyuma ya nyumba, kwenye mchanga chini ya mgomba, na kufukia kwa jembe. Nililimwaga mara tatu. Kati ya mara ya pili na ya tatu nilisimama mbele ya karatasi yangu ukutani. Mstari wa kondo ulisema nusu saa. Ilikuwa saa tatu na nusu. Nikaanza kujiuliza kama nusu saa ile inahesabiwa tangu mtoto atoke au tangu uchungu ukome, na kama bango lililenga wanaozalia zahanati tu, ambao wamechomwa sindano. Nilisoma mstari mmoja kama mtu anayesoma mkataba. Bibi akaniuliza karatasi inasemaje. Nikamwambia inasema tuwe waangalifu.

Saa nne kamili bibi mwenyewe akasema twende. Na hapo tukafanya jambo ambalo lingefanyika nyumba yoyote ya kwetu. Tulimwogesha. Bibi alisema mjukuu wake hawezi kwenda mbele za watu kama aliyetoka machinjioni, waseme tena washamba. Maji ya moto yalikuwa tayari. Tukamfuta miguu mpaka vidoleni, tukamfunga kitambaa safi, tukamvika doti mpya ya khanga iliyonunuliwa kwa ajili ya arobaini, tukamchana. Zile nguo nyingine zote tukaziloweka kwenye ndoo, tukaifunika. Alikuwa amependeza. Midomo yake tu ndiyo haikuwa na rangi.

Bodaboda wawili wakaja. Wa kwanza alimbeba dada katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Wa pili alimbeba bibi na mtoto. Kabla ya kupanda bibi alinishika bega.

"Utasema wewe. Wewe ndiye unayejuana nao."

Njia nzima nilikuwa natunga. Kichwa cha dada kiliniegemea, kizito, na mimi nilikuwa natafuta saa. Ikisemwa saa moja iliyopita, nesi atauliza mbona mmechelewa kutoka darajani. Ikisemwa dakika tano, kitovu kimekwisha kukauka, ataona. Tulipopita kwenye daraja lenyewe niliangalia simu: saa tano kasoro dakika ishirini. Nikatoa dakika kumi. Nilifurahi. Ndiyo, katikati ya yote yale nilipata furaha ndogo ya mtu aliyepata jibu la hesabu.

Nesi alitupokea mlangoni mwenyewe, akamsaidia dada kushuka, akamwita mama, akamwambia pole, umefika. Akamlaza. Akafunua khanga, akaona safi. Akachukua kitabu.

"Amejifungua saa ngapi?"

Dada alikuwa ananitazama kutoka kitandani. Bibi alikuwa mlangoni na mtoto.

"Saa nne na nusu," nikasema. "Njiani. Kwenye daraja."

Nesi akatazama saa ya ukutani. Nikaona mabega yake yakishuka. "Basi bado tuna muda," alisema. "Msiogope." Akamuuliza bibi kama damu ilikuwa nyingi, na bibi akajibu ya kawaida tu, mwanangu. Kisha bibi akanikabidhi mtoto, akatoka.

Nilimwona kupitia dirishani. Alikwenda nyuma ya jengo, kwenye tangi la maji, akasimama. Akajitengeneza ushungi. Alikuwa anamsubiri nesi aje amuulize.

Ndani, nesi alichoma sindano, akasubiri. Akatoa mkojo kwa mpira, akasubiri. Akajaribu kuvuta kitovu kwa uangalifu, mkono mmoja juu ya tumbo, akaacha kwa sababu hakikuja. Kila hatua ilikuwa sahihi kwa mwanamke aliyejifungua saa nne na nusu. Alikuwa anaongea na dada wakati wote, anamweleza kila anachofanya kabla hajakifanya. Dada aliniambia kwa sauti ya kupotea, "Unaona, huyu hatukani," na akafumba macho.

Bibi alisimama kwenye tangi karibu robo saa. Mara akatazama kwenye pembe ya jengo, mara akatazama chini. Nesi alidhani bikizee amekwenda kupumzika kivulini. Nilisikia akimwambia mhudumu ampelekee kiti. Mimi peke yangu katika nyumba ile nilijua kwamba ukweli umesimama nje, hatua ishirini, unangoja kuulizwa na mtu asiyejua kwamba anapaswa kuuliza. Nilitakiwa kufungua mdomo tu. Si kutoa hotuba: kusema saa mbili na robo. Lakini nilikuwa nimefika kwenye swali la kwamba nikilisema sasa, nitaulizwa kwa nini sikulisema mwanzo, na kwamba labda kondo litatoka dakika hii hii na hakutakuwa na haja. Nikalipatia kondo dakika tano. Nikaliongezea tano.

Saa sita kasoro robo mkono wa dada ulikuwa wa baridi na hakujibu alipoitwa. Nesi alipima presha mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Hakupiga kelele. Aliinua miguu ya kitanda kwa matofali, akaweka drip mbili, akapiga simu ya gari la wagonjwa. Gari lilikuwa limempeleka mtu mwingine. Lilifika saa saba. Yeye mwenyewe alipanda, na njia nzima hadi mjini aliinua mfuko wa maji juu kwa mkono, akibadilisha wa kulia na wa kushoto.

Walimwingiza chumba cha upasuaji mchana ule. Kondo lilikuwa limeshikana na ukuta wa mfuko wa uzazi, na walipolitoa damu haikusimama, wakautoa na mfuko. Daktari alituambia kwenye korido, na alikuwa mtu mwema, hakutaka kutuumiza. Nilimuuliza kama tungefika mapema kwa saa mbili ingekuwaje. Akasema ingewezekana kuuokoa mfuko. Labda. Nimeishi na hiyo labda mpaka nimeijua kila upande. Kuna siku naifanya inisamehe, na siku nyingine haikubali.

Dada aliishi. Mtoto aliishi. Watu walikuja wakasema alhamdulillahi, na walikuwa na haki ya kusema. Dada ana miaka ishirini na sita.

Wiki ya pili kikafanyika kikao pale zahanati. Walikuja wawili kutoka wilayani, akawepo mganga mfawidhi, nesi, na mimi, kwa sababu nilikuwa mtunza kumbukumbu na lazima mtu aandike muhtasari. Walikuwa na karatasi ya hospitali inayosema mgonjwa alifika akiwa amepoteza damu nyingi sana. Walikuwa na kitabu kinachosema amejifungua saa nne na nusu, amefika saa tano kasoro dakika kumi, damu kidogo. Wakamuuliza nesi: kama alifika na damu kidogo, hiyo nyingine ilikwenda wapi?

Nesi alisema aliyoyaona. Alisema aliangalia kitambaa kila baada ya dakika tano. Mmoja wao akamwambia kwa upole wenye kuchoma kwamba damu haiyeyuki hewani, dada, ama ulimwacha ukaenda kwenye simu yako, ama ulimtazama usione. Nilikuwa naandika. Niliandika "damu haiyeyuki hewani". Damu ile ilikuwa chini ya mgomba wa bibi, na kwenye ndoo iliyofunikwa.

Nesi akasema, "Nilifuata muda nilioambiwa. Ndugu yake huyu hapa." Akanigeukia, si kwa kunishtaki. Kwa kuniomba.

Wakaniuliza kama ni kweli. Kalamu ilikuwa bado mkononi. Nilimfikiria bibi kwenye benchi la ofisi ya kijiji. Nilifikiria barua ya utambulisho niliyoahidiwa na mganga mfawidhi kwa ajili ya usaili. Sitaki kusema nilimfikiria bibi peke yake.

"Ndiyo," nikasema. "Saa nne na nusu."

Nikaliandika na hilo.

Alihamishwa kabla ya mwezi kuisha. Sijui barua ilisema nini, lakini aliposhusha godoro lake kwenye gari alikuwa amemnunulia mtoto wa dada kofia ya sufu, akanipa nimpelekee. Alisema anaomba radhi kwa dada, kwamba kuna kitu hakukiona na hajui ni kipi.

Kofia ile niliificha siku nne. Nilipompa dada, alikuwa ananyonyesha kivulini. Nilieleza habari ya kofia, nikaeleza radhi, na baada ya hapo yakatoka yote: tangi, saa, kikao. Nilidhani atanipiga. Alimhamisha mtoto titi la pili.

"Nilikusikia," alisema. "Nilikuwa nimelala pale pale. Nilisikia unasema saa nne na nusu na mimi nikanyamaza. Nilitaka uaminike."

Nilianza kulia. Akanitazama bila huruma yoyote, na nadhani ndiyo mara ya mwisho alinitazama sawasawa.

"Usinililie mimi. Mimi nililipwa, nina huyu. Yule nesi alifanya nini?"

Niliandika barua ya mistari minne. Mara ya kwanza maishani niliandika kitu bila kukirudia. Nikaweka saa ya kweli, nikaweka picha ya kioo cha simu, nikapeleka kwa mganga mfawidhi. Aliisoma amesimama. Akasema hii ingefaa siku ya kikao, sasa faili limekwishafungwa huko juu, lakini kwa kuwa imeandikwa hawezi kuifanya kama haipo. Kuhusu nesi hakuna kilichobadilika. Kuhusu bibi walikuwa wepesi: aliitwa ofisi ya kijiji, akaketishwa kwenye benchi lile lile nililolifikiria, akasainishwa kwa dole gumba kwamba hatamgusa mzazi tena, na mgambo akaja kuchukua sanduku la bati. Kwa hiyo yote niliyoyaogopa yalitokea, ila yalitokea baada ya kuwa hayana faida kwa mtu yeyote. Barua ya utambulisho sikuipata. Hilo halinisumbui kama nilivyodhani.

Shemeji sasa hulala Milola siku nne za wiki. Mama yake amesema kwa watu kwamba shamba lile la mikorosho linahitaji watoto wa kiume. Dada anaposikia hujibu kwamba mikorosho haiulizi, na anaendelea na shughuli zake.

Bibi nikimwamkia asubuhi hugeukia jiko. Shikamoo yangu inabaki hapo hapo mlangoni. Si kwamba amekasirika kwa ajili ya sanduku, ningelielewa hilo. Dada aliniambia kinachomuuma ni kwamba alisimama kwenye tangi akangoja, na mimi nilimwona.

Mwezi uliopita alikuja jirani yetu, mke wa kijana anayechoma mkaa, mimba ya miezi minane, kichwa chini kwa aibu. Alimwomba bibi amtazame. Bibi aliendelea kukoroga uji.

"Mimi nimefungwa mikono," alisema. Akanionyesha kwa mwiko. "Muulize msomi huyo. Yeye ndiye bingwa wa saa."

Msichana akanigeukia. Nilimwambia aende zahanati, tena aende mapema, wiki mbili kabla, na akiulizwa lolote aseme kama lilivyo. Nilimwambia mara mbili. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akaniuliza kama yule nesi asiyetukana, anayegonga mlango, bado yupo, kwa sababu kama yupo yule, yeye yuko tayari kwenda.

Nikamwambia amehamishwa.

Akashukuru, akashika njia ya kurudi kwake.